Kwa Nini Tunaombwa Kubaki Vitini: Usalama Ndege Inapoegeshwa

Abiria wengi huhesabu kuwa safari imekwisha pale magurudumu ya ndege yanapogusa ardhi. Mikanda huanza kufunguliwa, simu huwashwa, na baadhi husimama ili wawahi mizigo iliyo juu ya vichwa vyao. Kwa taratibu za usafiri wa anga, hata hivyo, safari haijakamilika hadi ndege iwe imesimama mahali pake, breki zimefungwa, injini zimezimwa, kabari zimewekwa kwenye magurudumu, na mlango umefunguliwa na mtu aliyepewa kazi hiyo.

Makala haya yanaeleza kinachofanyika nje ya dirisha lako katika dakika hizo, hatari zinazoepukwa, na haki na wajibu ulio nao kama abiria. Lengo ni kukuwezesha kuelewa sababu ya kila agizo unalopewa, kwa kuwa agizo linaloeleweka hutiiwa kwa urahisi zaidi kuliko lile linaloonekana kuwa usumbufu.

Nafasi ni finyu kuliko inavyoonekana

Ndege ya aina ya Boeing 787-8 ina upana wa takribani mita 60 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili. Ndege ya Airbus A220-300, ambayo ni ya wastani, ina upana wa mita 35 hivi. Vyombo hivi huingia katika eneo la maegesho lenye ndege nyingine, majengo, nguzo za taa, magari ya mafuta, matrekta ya mizigo na watu wanaotembea kwa miguu.

Viwango vya kimataifa vya viwanja vya ndege vimo katika Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, uliosainiwa Chicago mwaka 1944. Kiambatisho hicho kinataka, kwa ndege za ukubwa wa A220 au Boeing 737, uwepo umbali usiopungua mita 4.5 kati ya ndege inayoegeshwa na kitu chochote kilicho karibu nayo. Kwa ndege kubwa kama 787, umbali huo ni mita 7.5. Mita 4.5 ni kama urefu wa gari dogo la familia. Huo ndio ukingo wa usalama alio nao rubani anayeongoza chombo chenye upana wa mita 35.

Ugumu mwingine ni kwamba rubani haoni kila kitu. Katika ndege nyingi kubwa, mtu aliyeketi kwenye chumba cha marubani hawezi kuziona ncha za mabawa ya ndege yake. Gurudumu la mbele nalo huwa chini au nyuma ya mahali alipoketi, hivyo hawezi kuona linapokanyaga. Anayeendesha gari hugeuza shingo na kutazama vioo. Rubani hana nafasi hiyo. Hutegemea mistari iliyochorwa ardhini na macho ya watu walio nje.

Matukio mawili yanaonyesha uzito wa jambo hili. Usiku wa tarehe 11 Aprili 2011, katika Uwanja wa Ndege wa John F. Kennedy, New York, bawa la ndege ya Airbus A380 iliyokuwa ikielekea kuruka liligonga mkia wa ndege ndogo zaidi ambayo ilikuwa imetua na kusimama ikisubiri kuingia kwenye maegesho. Ndege ile ndogo iligeuzwa upande kwa nguvu ya pigo hilo, ikiwa na abiria ndani. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2013, katika Uwanja wa O. R. Tambo, Johannesburg, bawa la Boeing 747 iliyopita njia isiyo yake lilikata ukuta wa jengo la ofisi, na watu waliokuwemo ndani ya jengo wakapata majeraha madogo. Ndege zote zilikuwa ardhini, zikienda kwa mwendo mdogo, na marubani wake walikuwa na uzoefu.

Hatua za kuegesha ndege

Kazi ya kuegesha huanza kabla ndege haijafika. Wafanyakazi wa ardhini hukagua nafasi iliyopangwa kwa ajili ya ndege hiyo na kuokota vitu vilivyozagaa: kipande cha waya, msumari, mfuko wa plastiki au hata chupa ya maji. Kitu kidogo cha namna hiyo kinaweza kuvutwa na injini na kuiharibu, au kupasua gurudumu. Magari na vifaa vyote huwekwa nyuma ya mstari uliochorwa kwa ajili hiyo, na daraja la abiria, pale lilipo, hurudishwa hadi mwisho wake.

Ndege huingia ikifuata mstari wa manjano. Mbele yake husimama mtoa ishara aliyevaa kizibao cha kuakisi mwanga, akiwa na vibao mikononi wakati wa mchana na vijiti vyenye taa wakati wa usiku. Ishara anazotoa ni zilezile Dar es Salaam, Nairobi, Dubai au London, kwa sababu zimewekwa katika Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago. Anapotandaza mikono pembeni na kuiinua polepole hadi vijiti vipishane juu ya kichwa, anamwambia rubani asimame. Anapoinua kiganja kilicho wazi na kukifumba kuwa ngumi, anamwambia afunge breki. Anapoelekeza vijiti ndani juu ya kichwa hadi vigusane, anamjulisha kuwa kabari zimekwisha kuwekwa.

Katika viwanja vyenye mitambo ya kisasa, kazi hiyo hufanywa na kifaa kilichofungwa ukutani. Kifaa hicho hutambua umbo la ndege kwa miale ya leza, kisha humwonyesha rubani aina ya ndege kilichoitambua, iwapo yuko kushoto au kulia mwa mstari, na mita zilizobaki kabla ya kusimama.

Ipo ishara moja ambayo kila abiria anapaswa kuifahamu, ingawa haioni kutoka kitini pake: ile ya kusimama kwa dharura. Mtoa ishara huipandisha mikono ghafla na kupishanisha vijiti juu ya kichwa. Huitoa anapoona gari limekatiza, mtu ameingia kwenye mstari, au bawa linakaribia kitu. Rubani anapoiona hafanyi uchunguzi wala haulizi sababu. Hukanyaga breki papo hapo.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali ambalo abiria wengi hujiuliza. Ndege inayokwenda kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao ukiwa ndani huuhisi kama hakuna mwendo kabisa, husafiri karibu mita 3 kila sekunde. Ikisimamishwa kwa ghafla, aliyefunga mkanda husukumwa mbele kidogo tu. Aliyesimama kwenye ujia, mikono yote miwili ikiwa juu kwenye begi la kilo 7 ambalo nusu yake imekwisha kutoka kabatini, hana cha kushika. Huanguka yeye, na begi humwangukia aliyeketi chini yake. Breki ile ambayo nje imeokoa maisha ya mfanyakazi wa uwanja, ndani inaweza kumvunja mkono mzee au kumjeruhi mtoto, kwa sababu tu mtu mmoja hakuvumilia dakika 2.

Zaidi ya hayo, ndege husimama mara nyingi kabla ya kufika mahali pake. Inaweza kusubiri nyingine ipite au kumsubiri mtoa ishara ajipange. Abiria aliyezoea basi hudhani kuwa kusimama ni kufika. Alama ya uhakika ni moja tu: taa ya mkanda imezimwa.

Injini na taa nyekundu

Kusimama kwa ndege hakumaanishi kuwa hatari ya nje imekwisha. Injini za ndege ya jeti huachwa zizunguke kwa muda mfupi ili zipoe kabla ya kuzimwa, na hata baada ya kuzimwa mapanga yake huendelea kuzunguka kwa muda. Kwa sababu hiyo ndege huwa na taa nyekundu zinazomulika kwa kukatizakatiza, kwa kawaida moja juu ya kiwiliwili chake na moja chini. Maana yake ni kwamba injini inafanya kazi au inakaribia kuwashwa. Kwa utaratibu wa kawaida, wahudumu wa ardhini hawasogelei injini hadi taa hiyo izimwe.

Injini ya Boeing 737, hata ikiwa katika nguvu yake ya chini kabisa, inaweza kumvuta mtu aliye ndani ya mita 3 hivi mbele yake, na nyuma yake hutoa upepo wa moto unaoweza kumwangusha mtu aliye mbali zaidi ya hapo. Tarehe 31 Desemba 2022, katika uwanja wa Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, mfanyakazi wa ardhini alifariki baada ya kuvutwa na injini ya ndege iliyokuwa imekwisha kusimama kwenye maegesho, breki zikiwa zimefungwa. Mtambo mdogo wa kuzalisha umeme wa ndege hiyo ulikuwa mbovu, kwa hiyo rubani aliacha injini zikifanya kazi wakati akisubiri umeme wa ardhini uunganishwe. Uchunguzi ulieleza kuwa wafanyakazi walikuwa wamekumbushwa muda mfupi kabla ya ndege kufika kwamba injini zingekuwa zinafanya kazi na kwamba wasiisogelee.

Tunalitaja tukio hili ili abiria afahamu kuwa dakika anazozihesabu kuwa za kuchelewa ni dakika ambazo watu wengine, wanaomfungulia njia ya kutoka, wamo katika sehemu ya hatari zaidi ya kazi yao. Kukimbizana na muda katika hatua hii hakumfaidishi mtu.

Umeme huo wa ardhini ndio unaoeleza jambo jingine ambalo huwatia wasiwasi baadhi ya abiria. Injini zinapozimwa, umeme wa taa na viyoyozi huhamishiwa kwenye mtambo mdogo ulio mkiani au kwenye waya kutoka uwanjani. Wakati wa kuhama, taa zinaweza kupepesa na hewa kukatika kwa muda mfupi. Hiyo si hitilafu.

Kabari, mlango na daraja

Breki ya kuegeshea ya ndege hutegemea shinikizo la mafuta ya haidroliki, na shinikizo hilo hupungua kadiri muda unavyokwenda. Aidha, baada ya kutua breki huwa na joto kali, na rubani anaweza kutakiwa kuziachia ili zipoe. Kwa sababu hizo mbili, kinachoizuia ndege isitembee ikiwa imeegeshwa ni kabari zilizowekwa mbele na nyuma ya magurudumu. Daraja au ngazi husogezwa baada ya kabari kuwekwa, kwani ndege ikisogea hata nusu mita wakati watu wanavuka mlangoni, mtu anaweza kutumbukia au kubanwa.

Milango nayo ina utaratibu wake. Wakati wote wa safari, mlango wa ndege kubwa huwa umeunganishwa na mteremko wa dharura wa mpira unaojijaza hewa kwa sekunde chache mlango unapofunguliwa. Ukifunguka bila kutarajiwa, mteremko huo unaweza kumrusha au kumjeruhi vibaya aliye nje. Tangazo unalosikia rubani au kiongozi wa wahudumu akilitoa mara ndege inaposimama ni agizo la kuutenganisha mlango na mteremko, na mhudumu mmoja hukagua mlango wa mwenzake. Kazi hiyo huhitaji nafasi na utulivu. Abiria aliyekwisha kujisogeza hadi mlangoni anawazuia wahudumu kuifanya ipasavyo.

Hata mlango ukiwa wazi, ndege haijawa jengo. Hupanda na kushuka kadiri abiria, mizigo na mafuta vinavyopungua au kuongezeka, na ndiyo sababu sakafu ya daraja na ya ndege huweza kupishana kwa sentimita kadhaa. Tazama unapokanyaga, na umshike mkono mtoto au mzee unayeongozana naye. Mwaka 2021, katika Uwanja wa Heathrow, London, ndege ya Boeing 787 iliyokuwa ikipakiwa shehena kwenye maegesho ilianguka pua chini baada ya mguu wake wa mbele kujikunja. Pini ya kuufunga mguu huo ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la jirani badala ya tundu lake. Tundu moja lisilo sahihi lilitosha.

Pale unapotembea uwanjani kwa miguu

Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019, lina madaraja yanayomwezesha abiria kuingia ndani ya jengo bila kukanyaga uwanja. Lakini katika viwanja vyetu vingi, vikiwemo Bukoba, Kigoma, Songea na Mafia, abiria hushuka kwa ngazi na kutembea. Mazingira haya yanahitaji uangalifu wa aina yake.

Hatari kubwa zaidi ni pangaboi. Linapozunguka kwa kasi, macho ya mtu hayalioni. Huona ukungu mwepesi au hewa tupu. Ndege za ATR, zinazotumika katika safari nyingi za ndani, hazina mtambo mdogo wa umeme mkiani. Badala yake, injini ya kulia inaweza kuachwa ikifanya kazi huku pangaboi lake likiwa limefungwa kwa breki, ili itoe umeme wakati ndege imeegeshwa. Abiria hutumia mlango wa nyuma upande wa kushoto. Kwa hiyo, pangaboi lililotulia si uthibitisho kuwa injini imezimwa. Katika ndege ndogo za aina ya Cessna Caravan, pangaboi liko puani, na mlango wa abiria uko nyuma ya bawa. Ukishuka, elekea nyuma au mahali anapokuelekeza mhudumu. Usizunguke mbele ya pua ya ndege kwa sababu yoyote.

Abiria azingatie mambo yafuatayo:

– Fuata njia iliyochorwa au iliyowekewa koni na kamba, na usikatize chini ya bawa hata kama njia hiyo ni fupi.

– Mtoto abebwe au ashikwe mkono tangu kwenye ngazi hadi ndani ya jengo. Mtoto mdogo haonekani kwa urahisi na dereva wa trekta la mizigo.

– Kofia, mtandio au karatasi ikipeperushwa na upepo, iache iende. Mwarifu mhudumu. Usiikimbilie kamwe.

– Usisimame kupiga picha wala kuzungumza na simu ukiwa unatembea. Kelele za uwanja huziba sauti ya gari linalokuja nyuma yako, na simu hukuondolea macho.

– Usivute sigara wala kuwasha kiberiti popote katika eneo la maegesho. Mara nyingi ndege hujazwa mafuta karibu na unapopita.

– Usidondoshe kitu. Kifuniko cha chupa au pini ya nywele iliyoachwa njiani ni hatari kwa ndege itakayofuata.

Haki yako na wajibu wako

Abiria ana haki ya kushuka katika mazingira salama, na mwenye ulemavu, mgonjwa au mzee aombe msaada mapema, ikiwezekana wakati wa kununua tiketi, ili kiti cha magurudumu na mhudumu viwe tayari. Ana haki pia ya kuelezwa sababu ndege inapokaa muda mrefu bila mlango kufunguliwa. Sababu huweza kuwa nafasi iliyopangwa bado ina ndege nyingine, mtoa ishara hajafika, au radi iliyowalazimu wafanyakazi kuondoka uwanjani.

Katika safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni miongoni mwa wanachama wake, unalifanya shirika la ndege liwajibike kwa kifo au jeraha la mwili la abiria lililotokana na ajali ndani ya ndege au wakati wa kupanda na kushuka. Hiyo ni Ibara ya 17. Hata hivyo, Ibara ya 20 inaruhusu fidia kupunguzwa au kuondolewa kabisa iwapo itathibitika kuwa uzembe wa mdai mwenyewe ulisababisha au ulichangia madhara. Abiria aliyesimama wakati taa ya mkanda inawaka, kisha akaanguka, anajiweka katika nafasi dhaifu mbele ya sheria. Kwa safari za ndani, hutumika sheria na kanuni za nchi husika pamoja na masharti ya tiketi, ambayo ni vyema kuyasoma.

Ikiwa umeumia, mwarifu mhudumu kabla hujaondoka uwanjani na uombe tukio liandikwe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na utunze cheti cha daktari, tiketi na kipande cha pasi ya kupandia ndege. Chukua majina ya mashahidi walioketi karibu nawe, kwa ridhaa yao. Wasilisha malalamiko kwa maandishi kwa shirika la ndege kwanza. Usiporidhika na majibu, yalete kwa Mamlaka. Kumbuka kuwa chini ya Mkataba wa Montreal, haki ya kufungua shauri hupotea baada ya miaka 2 tangu ndege ilipofika au ilipotakiwa kufika.

Kwa upande wa wajibu, kutii maagizo ya wahudumu kuhusu usalama ni takwa la kisheria, na kukaidi kunaweza kuchukuliwa kuwa kosa. Wajibu huo haukomi ndege inapogusa ardhi.

Kwa muhtasari, bakia kitini, mkanda ukiwa umefungwa, hadi taa izimwe. Fungua kabati la juu polepole, maana mizigo huhama wakati wa safari. Msubiri aliye mbele yako. Ukiwa nje, fuata njia uliyoonyeshwa. Mtu aliyeketi mstari wa 25 na aliyeketi mstari wa 3 hukutana wote kwenye ukumbi wa mizigo, na wote husubiri begi lilelile ambalo bado linashushwa na wafanyakazi waliotajwa katika makala haya.